Daktari na Mapacha wa Stima

Asubuhi moja niliamka Olkaria, nikakunja blanketi langu, nikaondoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Kazi ya kubeba mabomba kule kwenye visima vya mvuke ilikuwepo bado, na uji wa kambi ulikuwa mzito. Lakini nilikuwa nimeuliza maswali yangu yote, na mtu akianza kuniambia "hiyo si kazi yako kujua," miguu yangu huanza kuwasha. Nilifika barabara kuu, nikasimamisha lori lililobeba nyasi kavu. Dereva akaniuliza ninaenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi. Akasema Subukia. Nikamwambia basi hata mimi ni Subukia.

Nyasi zile zilikuwa za mzee mmoja ambaye bonde zima lilimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo wa serikali mpaka alipostaafu, halafu akaendelea na kazi ileile kana kwamba hakuna aliyemwambia amestaafu. Alikuwa langoni akitusubiri, ameegemea fimbo, amevaa gambuti na tai. Hakutusalimia kwanza. Alichomoa unyasi mmoja, akaunusa, akautafuna, akamwambia dereva kwamba robota za chini zilinyeshewa. Dereva akaapa. Daktari akasema yeye hakumuuliza dereva, aliuliza nyasi. Ndipo akaniona mimi juu ya mzigo.

"Na huyu?"

"Huyu amekuja na nyasi, Daktari."

"Basi ashuke nazo."

Nilishuka. Nililala kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe, nikidhani ni usiku mmoja. Nilikuja kuishi pale, nikitoka na kurudi, hadi mwaka uliofuata ulipokuwa unaisha.

Kuuliza nyasi ndiyo iliyokuwa dini yake. Mkulima akimweleza ng'ombe anaumwa nini, Daktari angemsikiliza kwa adabu, kisha aende kumuuliza ng'ombe. Alikuwa akisema kwamba mnyama hajawahi kumdanganya, lakini wenye mnyama walikuwa wamemdanganya tangu akiwa kijana. Angesimama kimya kando ya ng'ombe kwa muda mrefu, bila kumgusa, mpaka mwenye ng'ombe aanze kuona aibu. Kisha angesema jambo moja, na mara nyingi lilikuwa jambo ambalo mwenye ng'ombe alikuwa akilificha: kwamba alimlisha viazi vilivyooza, au kwamba alimpiga.

Na bado yeye mwenyewe alikuwa mfichaji mkubwa. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga, lakini ukimwuliza angesema ni gambuti zimembana. Aliwakemea wakulima waliomwita siku ugonjwa umeshashinda, na yeye hakuwahi kwenda hospitali. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Daktari, aliniambia siku moja kwamba kama mumewe angekuwa ng'ombe angekuwa amepona zamani.

Aliosha mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kunywa chai. Siku za kudunga sindano alivaa tai, kwa sababu, alisema, ni siku ya maumivu na mgonjwa anastahili kuheshimiwa. Aliwacheka watu wanaoamini jicho baya, lakini hakuruhusu ndama apewe jina kabla kitovu hakijakauka. Bandani aliwawekea ng'ombe redio, na ng'ombe wale walisikiliza taarifa ya habari kila siku. Muziki hakuutaka, alidai unawafanya wasimame wakingoja wimbo uishe.

Kitabu cha maelezo ya kifaa chochote alikisoma kwa sauti, kuanzia onyo la kwanza. "Usitumbukize kifaa hiki ndani ya maji," angesoma, kisha aniangalie mimi kana kwamba nimeshika ndoo. Mimi shule niliiacha darasa la saba, na hakuna mtu aliyewahi kunisomea kitu kwa furaha namna ile. Nilikaa nikisikiliza maelezo ya pasi kama watu wengine wanavyosikiliza mpira.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa pili, baada ya uchaguzi, barabara za Rift Valley zilipofungwa kwa mawe na magogo, Daktari aliitwa upande wa pili wa bonde kumwona ng'ombe aliyeshindwa kusimama. Mama Daktari alimkataza. Akaenda, na mimi nikaenda naye. Kwenye gogo vijana walitusimamisha, na mmoja akamuuliza mzee ametoka wapi, kwa ile sauti ambayo haikuwa inauliza kijiji bali kabila. Daktari alimtazama, akasema, "Wewe si wa yule mama wa ng'ombe mwenye pembe moja? Kiwele kilipona?" Kijana akasema kilipona, Daktari. "Mwambie aendelee kukikanda na maji moto." Wakaliondoa gogo. Tulipopita kona Daktari alisimamisha gari, akashika usukani kwa mikono miwili. Nilimwambia alikuwa jasiri. Alisema hakuwa jasiri hata kidogo. Alikuwa ametaka kweli kujua habari za kile kiwele.

Hayo yote nimeyasema ili uelewe mtu alivyokuwa wakati mambo ya Sukari yalipoanza.

Sukari alikuwa ng'ombe wake wa mwisho wa ukoo mmoja. Mama yake Sukari, na bibi yake, na mama wa bibi, wote walizaliwa mikononi mwa Daktari, katika banda lilelile nyuma ya nyumba. Lakini Sukari alikuwa amezaa mara mbili na ndama wote wawili walikufa wakati wa kuzaliwa. Kila mara Daktari alikuwa kitandani akipumzisha magoti, na mtu wa zamu alikuwa ametoka kidogo. Njia ya kwenda bandani ilikuwa ya mteremko na matope. Yeye kufika kule ilikuwa safari ya kushikwa mkono huku na huku. Sasa Sukari alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wa Daktari walitaka wazee wauze shamba, wahamie nyumba ya ghorofa mjini Nakuru, karibu na hospitali. Daktari alikuwa amewapinga miaka mingi. Safari hii aliwajibu kwa upole, na upole wake ulimtisha Mama Daktari kuliko ubishi.

"Huyu naye akifa," alisema, "mtafute mnunuzi. Daktari asiyeweza kufika bandani si daktari."

Binti yao, muuguzi kule Uingereza, alikuwa amekuja likizo na kuwaletea kamera ndogo ya kuunganishwa na kompyuta, ili baba amwone ng'ombe akiwa kitandani. Wazo lilikuwa tamu. Shida ilikuwa waya. Tuliununua mrefu, tukaupitisha juu ya ua, na ndama wa jirani akautafuna. Tukanunua mwingine, tukauzika, na fuko wakaukata chini ya ardhi. Njia ya kurusha mtandao hewani tulijaribu pia, lakini nyumba ile ilijengwa kwa mawe mazito na banda lilikuwa la mabati, hakuna kilichopenya.

Binti akarudi Uingereza, na baadaye akatuma kifurushi kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija nyumbani. Ndani yake kulikuwa na vifaa viwili vyeupe, kila kimoja na miguu mitatu ya plagi, miguu ileile ya soketi zetu. Kwenye karatasi aliandika kwamba hivi vinapitisha mtandao ndani ya waya za stima zilizomo ukutani. Unachomeka kimoja kwenye chumba chenye kompyuta, na kingine bandani kwenye kamera, na basi. Hakuna waya wa kutafunwa.

Nilisoma karatasi ile nikasimama. Ndani ya waya uleule unaowasha taa! Nilitembea nyumba nzima nikitazama soketi ambazo nilikuwa nimezipita kila siku. Nilijiona kama mtu aliyegundua kwamba ukuta wa chumba chake una mlango. Daktari alikuwa ameshavaa miwani, anasoma maonyo kwa sauti.

Mama Daktari aliviita mapacha. Tuliwajaribu mapacha chumbani mwa Daktari, mmoja soketi hii na mwingine ile, na taa zao za kijani zikawaka, na kwenye skrini nikamwona Daktari ananitazama kutoka kwenye kamera, pua kubwa kama ya fahali. Alicheka mpaka akakohoa. Nikambeba pacha mmoja na kamera, nikateremka mbio hadi bandani, nikachomeka, nikasubiri.

Taa haikuwaka.

Tulijaribu kila namna. Nilibadilisha pacha huyu na yule. Tulizima mashine ya kukatia nyasi, kwa sababu karatasi ilisema mota kubwa hupiga kelele ndani ya waya. Tulizima chaja za simu. Kila jioni Mama Daktari alituuliza kama mapacha wameonana, na kila jioni tulimwambia bado. Tumbo la Sukari likaendelea kushuka. Daktari aliacha kusoma maonyo.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa mvua, na lilikuja kwa njia ambayo mtu yeyote wa kwetu anaijua. Fezi moja ilipotea. Boma lile lilikuwa na stima ya fezi tatu kwa ajili ya ile mashine ya nyasi, yaani nyaya tatu zinatoka kwenye nguzo na kila mmoja unalisha upande wake. Mmoja ukikatika, upande mmoja unazima na upande mwingine unaendelea kama kawaida. Mimi nilikuwa bandani. Redio ya ng'ombe ikanyamaza katikati ya habari. Nikapanda kumwambia Daktari stima imeenda, nikakuta kompyuta yake inawaka. Wakati uleule Mama Daktari akaita kutoka jikoni kwamba friji imezima.

Tulitazamana.

"Rudia," Daktari akasema. "Bandani kumezima?"

"Kumezima."

"Na jikoni kumezima."

"Na hapa hakujazima," nikasema, na tayari nilikuwa nimesimama. Mapacha hawakuwa wabovu. Hawakuwahi kuwa kwenye waya mmoja! Chumba cha Daktari kilikunywa kutoka mto mwingine. Banda lilikunywa mto mmoja na jikoni. Nilitaka kupiga kelele, na nadhani nilipiga. Fezi iliporudi nilimchomeka pacha karibu na friji, nikateremka kwenye matope, na yule wa bandani akawaka kijani hata kabla sijaondoa mkono.

Niliporudi, Daktari hakuwa anafurahi. Alikuwa amekaa kitandani anatazama mlango wa ushoroba unaoelekea jikoni, mlango wa nyumba yake mwenyewe, kama mtu anayetazama mto uliofurika.

Hapa ni lazima nieleze. Daktari alikuwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe wa kila aina mbele ya umati wa watu. Aliwafundisha wanawake kudunga sindano wakati wanaume wenzake walisema ni mwiko. Lakini kwao, mwanamume mzima haketi jikoni. Baba yake alikuwa akisema kwamba mwanamume anayejua kilicho ndani ya sufuria hatasikilizwa barazani. Katika miaka yote ya ndoa yao Daktari alikuwa hajakanyaga jikoni mle. Chai ililetwa. Sahani zililetwa na zikaondolewa. Wakati mwingine siku nzima waliongea kupitia trei.

Nilipendekeza tuvute waya mfupi wa mtandao kutoka jikoni hadi chumbani. Ule uliokuja na mapacha haukufika hata katikati ya ushoroba, na Daktari alisema hataki kusikia habari za kununua waya tena. Fuko na ndama wa jirani wote walikuwa wameshashiba. Kumtafuta fundi wa stima, siku zile, ilikuwa ni kusubiri. Sukari hangesubiri.

Basi Daktari akaenda mwenyewe kuomba ruhusa. Alisimama nje ya kizingiti.

"Mama, ninataka kuweka kompyuta huku."

Mama Daktari aliendelea kupepeta mchele. Alimwuliza kama ni jiko hilihili ambalo limemshinda kuingia tangu ujana, leo ndilo analitaka kwa sababu ya ng'ombe. Daktari akajibu kwamba si kwa sababu ya ng'ombe, ni kwa sababu ya fezi.

"Friji yangu haitoki," Mama Daktari akasema. "Na anayeketi jikoni kwangu haketi na mikono mitupu."

Siku ya kwanza aliweka kiti chake kwenye kizingiti, nusu ndani na nusu nje, akinyoosha shingo kuiona skrini. Jirani mmoja wa rika lake alipita, akasimama, akatabasamu kwa meno yote. "Daktari, umekuwa mpishi?" Daktari hakugeuka. Alisema yuko kazini. Siku ya pili ilinyesha, na maji ya paa yakamwagikia bega la nje. Alivuta kiti, akaingia, akapewa viazi na kisu.

Naye alimenya viazi kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa utafiti. Alimwambia mkewe kwamba anapoteza sehemu bora chini ya ganda. Mkewe akamwambia kuna watu wameishi kwa viazi hivyo na hawajafa. Nilikuwa nikipita na ndoo na kuwasikia wakibishana juu ya chumvi, juu ya harusi ya mtu aliyekufa zamani, juu ya kama Sukari amelala upande wa kushoto kwa sababu ya ndama au kwa sababu ya uvivu. Mama Daktari alianza kumfahamu ng'ombe yule kwenye skrini kuliko alivyowahi kumfahamu bandani. Aliniita siku moja nimgeuze Sukari aielekee kamera, eti anamwonyesha mgongo tu, hana adabu.

Sukari alizaa Jumapili, Mama Daktari akiwa kanisani.

Mimi nilikuwa chini kabisa shambani, nakata majani. Nilisikia kelele kutoka nyumbani: kifuniko cha sufuria kinapigwa kwa mwiko, bila kukoma. Nilitupa panga, nikakimbia. Daktari alikuwa mlangoni mwa jikoni, amejishika kwenye fremu, na alichosema ni "mguu mmoja tu," akanisukumia simu ya Mama Daktari. Nilielewa. Ndama anatakiwa kutanguliza miguu miwili na pua. Mguu mmoja ukikunjwa nyuma, anakwama. Hivyo ndivyo wale wawili walivyokufa.

Nilifika bandani na simu imebanwa kati ya sikio na bega. Sukari alikuwa amelala, anasukuma, anakoroma.

"Toka hapo mbele, ninaona mgongo wako tu," sauti ikasema sikioni. "Piga magoti kulia. Osha mkono. Hadi kwenye kiwiko, bwana, hadi kwenye kiwiko."

Niliosha. Akaniambia nisivute, kila mtu huvuta, ndiyo maana wanaua. Nimsukume ndama arudi ndani kwanza, pale Sukari anapopumzika. Nilisukuma. Kulikuwa na joto na nguvu ambayo sijawahi kuikuta mahali pengine. "Sasa utafute goti. Umelipata? Teremka. Kwato ikae kwenye kiganja chako, uifunike kabisa, isimchane mama yake." Niliifunika. Nilikuwa nalia na sijui ilikuwa kwa nini. "Ilete mbele polepole. Subiri. Ngoja asukume. Sasa."

Mguu ulikuja. Kisha yote yakaja kwa pamoja, maji na ndama na mimi chini kwenye majani. Ndama hakupumua. Daktari hakupiga kelele. Alisema nimtie unyasi puani, nimsugue mbavu kwa nguvu, nisimhurumie. Nikasugua. Ndama alipiga chafya.

Simuni nikamsikia Daktari anapumua.

"Ni jike," nilimwambia.

"Nimeona," akasema.

Nilipopanda, Mama Daktari alikuwa ameshafika, bado amevaa kitambaa cha kanisani. Walikuwa wameketi bega kwa bega mbele ya skrini. Sukari alikuwa anamlamba mtoto, na mtoto alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena, na kila alipoanguka wazee wale wawili waliinama kidogo kama wanaotaka kumwinua. Jikoni kote kulinuka moshi.

"Daktari," Mama Daktari akasema bila kugeuka, "viazi vimeungua."

"Nimesikia harufu."

Hakuna aliyeinuka.

Habari za kuuza shamba hazikutajwa tena. Mimi niliondoka baada ya muda, nikazunguka, nikavuna viazi vya watu na kubeba mawe, na mwaka ulipokuwa ukingoni nilipita Subukia kuwasalimu. Langoni nilikutana na pikipiki ya fundi wa stima. Alikuwa amekuja kubadilisha kisanduku cha fyuzi kilichopata kutu, na alikuwa amekifungua, nyaya zote nje. Alikuwa mtu mchangamfu. Aliponiona alinieleza kwa furaha alichokigundua: banda na chumba cha mzee viko kwenye fezi tofauti, ndiyo maana wamelazimika kuweka kompyuta mahali pa ajabu namna hiyo. Nilimwambia ninajua.

Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Daktari! Hapa ni kuhamisha waya mmoja tu. Nikimaliza, utamwangalia ng'ombe wako ukiwa kitandani, bila kusumbuka."

Nilichungulia. Daktari alikuwa kwenye kiti chake kando ya friji, na ndama, ambaye sasa alikuwa mtamba mnene, alikuwa anatafuna kwenye skrini. Mezani kulikuwa na bakuli la maharagwe ambayo hayajachambuliwa. Mama Daktari alikuwa upande wa pili wa bakuli, mkono wake umesimama hewani na maharagwe machache ndani yake. Hakumwangalia mumewe. Alikuwa anaangalia maharagwe.

Daktari alichukua kokoto moja kutoka kwenye bakuli, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka kando.

"Usiguse," alimwambia fundi. "Funga kama ulivyokuta."

Nilikunywa chai nao mle jikoni, wote watatu, hatukutumia trei. Kabla jua halijasogea sana nilipata lori linalopanda upande wa Kuresoi, na jioni ilinikuta Keringet, ambako sikumjua mtu na baridi ilikuwa inauma. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha alinionyesha viwili. Kimoja kilitazama barabara na kilikuwa na dirisha kubwa. Kingine kilikuwa kidogo, bila dirisha la maana, ila ukuta wake mmoja ulikuwa wa jikoni, na ulikuwa na joto ukiugusa.

Nikaweka blanketi langu kwenye hicho.